UFUNDI WA VIYOYOZI NA LUGHA YA KIINGEREZA: VISOMWE PAMOJA

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Halmashauri ya Elimu imetuagiza tuseme machache juu ya jambo ambalo mkutano huu utaliamua kabla haujafungwa. Mfuko wa masomo wa Chama hiki una sharti moja, nalo ni hili: kijana atakaye kusaidiwa karo ya kusomea ufundi hana budi kwanza aonyeshe kuwa amefaulu Kiingereza. Sharti hili liliwekwa kwa nia njema, maana wazee wetu hawakutaka fedha za wanachama zipotee kwa mtu atakayeketi darasani asielewe linalosemwa. Hata hivyo twaomba lipimwe upya, na mizani tutakayoitumia ni ufundi wa viyoyozi na majokofu, ambao vijana wengi wetu wanautamani.

Wako wasemao kwamba ufundi huu ni wa anasa za matajiri. Sivyo. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alipobuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, New York, hakuwa akitafuta raha ya watu. Alikuwa akitafuta dawa ya unyevu wa hewa, uliozifanya karatasi zitanuke na kusinyaa hata rangi zisiangukie mahali pake. Leo chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa baina ya digrii 2 na 8 za Selsiasi. Samaki wa mvuvi haoni jioni pasipo barafu. Na chumba cha upasuaji chahitaji hewa safi iliyopimwa. Katika mji wa joto na wa upepo wa chumvi kama huu wetu, mitambo huchakaa mapema, kwa hiyo fundi mwema hakosi kazi.

Tena ni ufundi wa akili, si wa spana peke yake. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Gesi husukumwa na kompresa hata ikawa moto. Hupita katika mabomba ya nje, ikatua joto lake na kugeuka maji. Kisha hupenyezwa katika tundu jembamba, shinikizo likashuka ghafula, nayo ikachemka ndani ya mabomba ya chumbani na kulichukua joto la chumba. Kijana mwenye macho na mikono ataweza kuyaelewa hayo kwa Kiswahili, ama kwa lugha ya mama yake, katika muda wa siku moja. Yuko pia fundi wa mtaani ambaye ameyajua kwa miaka mingi bila kuketi darasani.

Lakini mtambo wenyewe husema Kiingereza. Kibao chake, kitabu chake, onyo lililobandikwa ubavuni, na karatasi za mtihani, zote ni za Kiingereza. Wala jambo hili si la cheti tu. Ni la uhai. Fundi anapopima kama mabomba yanavuja, hujaza nitrojeni kavu. Akikosea mtungi akajaza oksijeni, hewa hiyo ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kulipuka na kumwua. Kadhalika, gesi zenyewe zimebadilika. Mapatano ya Montreal ya 1987 yaliondoa zile zilizoharibu tabaka la ozoni, na nyongeza iliyokubaliwa Kigali, Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016, ilitaka zile zinazozidisha joto la dunia zipunguzwe hatua kwa hatua. Kwa ajili hiyo zimeingia gesi kama R-32, ambayo yaweza kushika moto, na R-290, ambayo ni propani, ndugu wa gesi tunayopikia jikoni. Aliyezoea R-22, isiyoshika moto, akilehemu bomba bila kusoma onyo jipya, ajiweka hatarini yeye na wenye nyumba.

Basi, mtauliza, je, hayo hayathibitishi kuwa sharti letu ni jema, na Kiingereza kitangulie? Twajibu kwamba yathibitisha haja ya Kiingereza, bali si kile cha kutangulia peke yake. Tazameni neno "recover". Katika darasa la kawaida mwanafunzi atafundishwa kuwa ni kupona ugonjwa. Kwa fundi, maana yake ni kuivuta gesi kutoka katika mtambo na kuitia mtungini isimwagike hewani. Karibu nalo liko "recycle", yaani kuisafisha gesi hiyo ipate kutumika tena, na "reclaim", yaani kuichakata na kuipima hata iwe safi kama mpya. Maneno matatu, kazi tatu, na katika sheria ya Marekani kila moja lina maana yake mbali. Neno "charge" nalo kijana amelisikia dukani, likawa bei, na kituoni kwa askari, likawa mashtaka. Katika karakana ni kujaza gesi kwa kipimo. Maneno haya hujifunzwa vema pale penye mtungi na geji, mkono ukigusa na sikio likisikia.

Jambo hili wengine wamekwisha kulijaribu. Katika jimbo la Washington, Marekani, vyuo vya jamii vilianza mwaka 2004 mpango uitwao I-BEST, kwa ajili ya wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza na wenyeji waliokosa elimu ya msingi. Hapo kwanza mtu wa namna hiyo alitakiwa amalize Kiingereza ndipo aingie katika ufundi, na wengi walichoka njiani, maana walikuwa na watoto wa kulisha. Mpango mpya uliweka walimu wawili katika darasa moja, mmoja wa kazi na mmoja wa lugha, wakifundisha pamoja angalau nusu ya saa za masomo. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2009 kwamba wanafunzi wa mpango huo walipata vyeti zaidi kuliko wenzao waliofanana nao ambao hawakuwamo. Habari hii si ngeni kwetu, kwa kuwa miongoni mwa waliohamia Marekani wamo wakimbizi wengi wa Kongo wasemao Kiswahili kama sisi.

Hatufichi kuwa walimu wawili wana gharama. Jimbo hilo lililijua hilo, likavilipa vyuo kwa kumhesabu kila mwanafunzi wa mpango huo kuwa mmoja na robo tatu. Lakini yafaa kupima pia hasara ya kijana aliyefungiwa mlango, ambaye huingia katika kazi hiyo hiyo kwa mlango wa uani, bila mafundisho na bila cheti.

Wako pia ndugu watakaouliza, mbona tusifundishe kwa Kiswahili, maadamu Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza? Swali ni la haki. Nasi twasema Kiswahili kiwe daraja: mwalimu aeleze kwa Kiswahili jinsi joto linavyohama, kisha ampe mwanafunzi neno la Kiingereza lililoandikwa katika kibao. Daraja halimzuii mtu kufika ng'ambo; ndilo limfikishalo.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu maombi matatu. Kwanza, sharti la kufaulu Kiingereza kabla ya karo liondolewe. Pili, kila atakayesaidiwa ahudhurie darasa la jioni la Kiingereza cha kazi yake muda wote wa masomo, na akiliacha bila sababu, msaada usimame. Tatu, darasa hilo lifundishwe na mwalimu wa lugha pamoja na fundi mwenye cheti, na fundi wa mtaani wa umri wowote aruhusiwe kuingia.

Mabibi na Mabwana, mkono mmoja haulei mwana. Fedha ni zenu, na vijana ni wenu. Twawaomba mnyoshe mikono kwa moyo mmoja, ili kijana atakayepanda ngazi kutengeneza mtambo asome onyo lake, afanye kazi yake, na ashuke salama.