Mtoto Si Mzigo wa Kuachwa Ndani ya Gari

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wanavikundi wa kujisaidia hapa Kakamega. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa vikundi ambavyo vingependa kuyasoma pamoja.)



Tunajua wengine wenu mnanong'onezana, "Leo hawa wametuletea nini? Sisi tulitaka habari ya kuku na ng'ombe wa maziwa, wao wanatuletea habari ya magari. Nani hapa ana gari?" Swali hilo ni zuri, na tutalijibu kwanza.

Zamani gari likiingia kijijini, watoto wote walikuwa wanalikimbilia. Siku hizi sivyo. Nenda kwenye matanga siku ya Jumamosi, iwe Shinyalu, Malava au Butere, uhesabu magari yaliyopangwa kando ya ua. Angalia Probox zinazobeba watu na mizigo kutoka Mumias mpaka mjini. Angalia magari madogo yanayochukua watoto wa nasari asubuhi. Tena nyuma ya nyumba ngapi kuna gari bovu limekaa pale miaka mitatu, kuku wanatagia ndani? Basi kumbe magari tunayo. Kama si la kwako, ni la shemeji, au ni lile tulilokodi pamoja kwenda harusini. Na mtoto ni wetu.

Sasa tuanze na kosa letu wenyewe, maana si vizuri kufundisha watu kana kwamba sisi hatujawahi kuanguka.

Ilikuwa mwezi wa pili. Tulikuwa tumekwenda kukagua vitabu vya kikundi kimoja, na mwenzetu mmoja alikuja na mtoto wake wa miaka miwili. Tulipofika mtoto alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma. Tukasema, "Tusimwamshe, tunaingia dakika tano tu kuweka sahihi." Tulipaki chini ya mparachichi, kivulini. Tukateremsha kioo kidogo, upana wa vidole viwili. Tukafunga milango kwa sababu ya wezi. Mambo yote tuliona tumeyafanya vizuri.

Kule ndani hesabu ikakataa. Shilingi mia nane hazionekani. Huyu anasema hivi, yule anasema vile, sauti zikapanda. Dakika tano zikawa arobaini. Kivuli nacho hakikutungoja, kilihama na jua likaingia moja kwa moja kwenye vioo. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ametoka kumwangalia mtoto. Hakuna aliyekuwa ametoka.

Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa anangoja abiria. Alituambia baadaye kwamba alisikia mtoto akilia, akafikiri mama yuko karibu. Kisha kilio kikanyamaza. Ndipo akaenda kuchungulia. Alikuja mbio akagonga mlango wa ukumbi kwa ngumi. Tulipofungua gari, hewa iliyotoka ilikuwa kama ya tanuri la mkate. Mtoto alikuwa amelegea, ametapika, ngozi inachoma. Tulimwagia maji ya ndoo ya kunawia mikono, tukampepea na kile kitabu cha hesabu, tukakimbia naye zahanati.

Mtoto yule alipona, na leo anasoma. Zile shilingi mia nane zilipatikana kesho yake: kurasa mbili zilikuwa zimeshikana. Wapendwa, tulikuwa karibu kupoteza mtoto kwa sababu ya kurasa mbili zilizoshikana.

KWA NINI GARI LINAKUWA NA JOTO HIVYO?

Wale wanaopanda nyanya ndani ya nyumba ya nailoni wanajua jibu. Mwanga wa jua unapita, unapasha joto kila kitu kilicho ndani, na ile hewa ya moto haina pa kutokea. Gari lina vioo pande zote, viti vya kitambaa au ngozi, na dashibodi nyeusi. Vyote hivyo vinashika joto na kulirudisha ndani.

Mwaka 2005, watafiti wa California huko Marekani walichapisha matokeo ya kazi yao. Walipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani, siku 16 za jua. Waliona mambo matatu ambayo tungependa myashike.

La kwanza, joto la ndani lilipanda wastani wa digrii 22 za Selsiasi kwa saa moja. La pili, sehemu nne kati ya tano za joto hilo ziliingia katika nusu saa ya kwanza. La tatu, kufungua kioo kidogo hakukusaidia sana. Hata siku ambayo nje kulikuwa na digrii 22 tu, siku ambayo sisi hapa tungevaa sweta, ndani ya gari joto lilifika karibu digrii 47.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Watu husema Kakamega hakuna joto, kuna mvua na msitu, joto ni la Garissa na Lodwar. Lakini mchana wa Januari au Februari hapa kwetu digrii 27 ni jambo la kawaida. Ongeza 22. Unapata 49. Mwili wa mtu mzima kiafya una digrii 37. Ukifika 40, ubongo na viungo vya ndani viko hatarini.

Na mtoto si mtu mzima mdogo. Mwili wake hupata joto haraka kuliko wa kwetu mara tatu hadi tano, wala jasho lake haliwezi kumpoza kama letu linavyotupoza. Hawezi kufungua mlango. Hawezi kusema, "Mama, nasikia joto." Tena sisi kina mama wa huku tunapenda kumvika mtoto kofia ya sufu, soksi, na shali mbili juu ya blanketi, hata saa saba mchana. Mtoto wa namna hiyo hupata joto la kupita kiasi hata akiwa mapajani mwako ndani ya matatu iliyojaa. Mkiwa garini, mpunguzie nguo.

NI WAZAZI WABAYA TU?

Hapana. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tukisikia habari kama hii tunasema, "Mama gani huyo!" Basi tunajiona salama.

Huko Marekani wanahesabu vifo hivi tangu mwaka 1998. Wamekufa watoto zaidi ya 900, karibu 37 kila mwaka. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa. Walisahauliwa na baba na mama wanaowapenda, watu wenye kazi na akili timamu. Mtoto amelala kimya nyuma, leo baba ndiye anampeleka kwa mlezi badala ya mama, simu inalia, mawazo yako kazini. Mkono na mguu vinafuata njia ya kila siku, na mtoto hayuko kwenye njia hiyo. Miaka ya 1990 wazazi wa kule walishauriwa kuwahamishia watoto kiti cha nyuma, ili wasiumizwe na mifuko ya hewa iliyokuwa ikiwekwa mbele. Ushauri huo ulikuwa mzuri, lakini mtoto akawa haonekani tena.

Katika nchi za Ghuba, ambako mabinti zetu wengi wanafanya kazi ya kulea watoto wa watu, kumekuwa na vifo ndani ya mabasi ya shule. Mwaka 2014 mtoto mmoja alikufa hivyo Abu Dhabi, na mwaka 2022 mwingine huko Qatar. Watoto walishuka, yeye alikuwa amelala, na hakuna aliyetembea mpaka viti vya nyuma kuangalia.

Kundi lingine, karibu robo ya wale wa Marekani, ni watoto walioingia garini wenyewe wakicheza. Hili linatuhusu sana sisi. Hapa Kenya pia imewahi kuandikwa magazetini juu ya watoto waliotafutwa, kisha wakapatikana wamekufa ndani ya gari lililoegeshwa. Lile gari bovu nyuma ya nyumba, mlango wake unafunguka kutoka nje, lakini ndani kishikio kilivunjika zamani. Mtoto anaingia kucheza dereva, mlango unajifunga. Mama yuko shambani. Nani atamsikia?

MTOTO AKIPATIKANA AMEZIDIWA NA JOTO

1. Mtoe mara moja, mpeleke kivulini penye upepo.
2. Mvue nguo. Mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, au umfunike kwa leso iliyoloweshwa, na umpepee bila kuacha.
3. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo, au titi kama bado ananyonya. Kama amezimia au anatetemeka, usimwagie kitu chochote mdomoni.
4. Usipoteze wakati kutafuta Panadol. Joto hili si homa, na dawa hiyo hailiondoi.
5. Mkimbize hospitali, mkiendelea kumpoza njiani. Msalaba Mwekundu hupatikana kwa namba 1199, polisi kwa 999 au 112.
6. Mweleze daktari au nesi mtoto alikuwa wapi na kwa muda gani. Kwetu huku kila mtoto mwenye joto na degedege hudhaniwa ni malaria. Msione haya kusema kwamba alikuwa ndani ya gari. Haya yako inaweza kumuua mtoto.

Mama mmoja aliuliza, "Nikiona mtoto amefungiwa kwenye gari la mtu, nifanye nini? Nikivunja kioo si nitashtakiwa?" Piga kelele kwanza, mwenye gari atafutwe, kama kuna kipaza sauti, atangazwe. Simama hapo hapo, usiondoke. Lakini ukiona mtoto amelegea au haitiki, usingoje. Vunjeni kioo cha mlango ulio mbali naye. Msihangaike na kioo kikubwa cha mbele, hicho hakivunjiki kwa urahisi. Kioo kinanunuliwa, mtoto hanunuliwi.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Baada ya siku ile sisi tulijiwekea masharti, na vikundi vingine vimeyachukua:

1. Hakuna "dakika tano". Mama akishuka, mtoto anashuka, hata kama amelala.
2. Kila mkutano uwe na mlezi wa zamu, anayekaa na watoto chini ya mti. Jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu, na siku hiyo asitozwe faini ya kutochangia mazungumzo. Tuliposema "sote tutawaangalia," hakuna aliyewaangalia.
3. Ukimweka mtoto nyuma, weka na kitu ambacho huwezi kwenda bila hicho: kiatu kimoja, kibeti, au simu.
4. Dereva wa gari la nasari atembee mpaka kiti cha mwisho kabla ya kufunga. Ahesabu waliopanda, ahesabu walioshuka. Na mwalimu akiona mtoto hajafika, ampigie mzazi saa hiyo hiyo.
5. Kwenye matanga na harusi, anayeongoza shughuli atangaze mapema: "Kila mtu aangalie gari lake, kuna mtoto amebaki?"
6. Gari bovu lifungwe kwa ufunguo, na buti pia, au milango ing'olewe kabisa. Na ufunguo wa gari zima usiachwe mezani.
7. Mtoto akipotea, tafuteni kwanza kisimani na kwenye magari, pamoja na buti. Mengine baadaye.

Kumwacha mtoto mahali pa hatari ni jambo ambalo hata Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inalikataza. Ukiona mtoto anayeachwa peke yake mara kwa mara, unaweza kupiga simu 116 bila malipo. Lakini jirani anayesema mapema, "Dada, mlete huyu mtoto akae nami," amefanya kazi kubwa kuliko polisi.

Watu husema ajali haina kinga. Ziko ajali za namna hiyo. Hii si mojawapo. Kinga yake haina bei, wala haihitaji mkopo wa kikundi. Ni kugeuka nyuma na kuangalia kabla ya kufunga mlango.

Sasa kabla hatujarudi kwenye kuku, tunaomba kila kikundi kichague mlezi wake wa zamu leo hii, tukiwa bado tumekaa hapa. Na tafadhali, yule aliyekuja na gari la kijani, hebu atoke kidogo akaangalie.