Hotuba ya Mwenyekiti: Barabara ya Mtaa Ipangwe na Wanaoipita



 Miaka kumi ya kununua hisa bila kuchoka si mchezo. Habari za hisa na mikopo mmeshazisikia kwa katibu na mweka hazina, mimi sizirudii. Nimeomba niseme jambo moja tu, nalo ni barabara ya mtaa wetu.

Tarime yetu ni ya vilima na mvua haitunyimi. Ikinyesha, maji yanashuka kutoka juu, yanakosa mtaro, basi barabara ndiyo inageuka mtaro. Greda likipita tunapiga makofi. Mvua mbili tatu, mashimo yamerudi palepale. Kutengeneza barabara bila mtaro ni kuchota maji kwa tenga.

Na anayetembea kwa miguu je? Mama mwenye beseni la ndizi kichwani, mtoto wa shule, mzee na mkongojo wake, wote wanagombea njia na bodaboda. Ukikwepa pikipiki unaingia kwenye tope.

Sasa wapo wenzetu walioleta hoja kwamba tuchukue fedha za mfuko wa jamii, tununue kifusi, tumalize shida. Nawaelewa, maana wamechoka. Lakini mimi nakataa, na sababu nazitoa hadharani.

Kwanza, mfuko ule ni wa msiba na ugonjwa. Siku mwenzetu akifiwa hatutamzikia kwa kifusi. Pili, barabara hii tunailipia tayari. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hata usiye na pikipiki, unalipa kwenye nauli na kwenye bei ya sukari. Tatu, kifusi bila mtaro kitaondoka na maji pamoja na jasho letu.

Kwa hiyo tujue mlango wa kubisha. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Hizi zetu za mitaani ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Na njia ya kufika huko inaanzia kwenye mkutano wa mtaa.

Jamani, jambo hili si geni. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, walisumbuliwa sana na mafuriko. Walikaa na wataalamu wakapanga mitaro na barabara za mtaa wao, kisha wakashiriki kuzijenga kwa mikono yao na kulipwa ujira, akina mama wakiwemo. Shirika la Kazi Duniani lilisaidia. Kama wao waliweza, sisi tunashindwa nini?

Napendekeza hivi. Mvua ijayo, kila mmoja asimike kijiti pale maji yanapokatiza karibu na kwake, na pale watoto wanapoanguka. Mtaalamu ana vipimo vyake, lakini maji yanakopita saa nane za usiku tunajua sisi. Ombi letu liwe na mpangilio: mtaro kwanza, halafu njia ya miguu, kifusi mwisho. Karibu na soko tuombe mtaro wenye mifuniko, ili juu yake watu watembee.

Lipo jambo zito hapa. Mtaro unahitaji nafasi, na wapo wenzetu ambao vibanda na nyua zao zipo pembeni kabisa mwa barabara. Hao wasikilizwe wa kwanza, kabla alama nyekundu haijachorwa ukutani. Mama asije akapoteza genge lake ili sisi wengine tupite vizuri, halafu tuseme tumepata maendeleo.

Tena tuwahi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Ombi likipelekwa Juni limechelewa. Linatakiwa liwe kwenye muhtasari wa mkutano miezi mingi kabla, na tuombe kusomewa huo muhtasari.

Najua kwetu huku mwanamke kusimama na kusema mbele ya wazee bado ni kazi. Tunakaa nyuma, tunasikiliza, tunanung'unika njiani kurudi. Lakini Katiba ya nchi, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwananchi ni pamoja na wewe mama. Aliyeweza kusimama mbele ya kikundi akaeleza kwa nini amechelewesha rejesho, hawezi kushindwa kuonyesha mtaro unatakiwa upite wapi.

Barabara ikishatengenezwa, hapo ndipo nguvu yetu itahitajika: kuzibua mitaro na kukatazana kutupa taka ndani yake. Hiyo tuahidi leo, na tuitimize.

Basi, mkutano wa mtaa ukiitwa, twende wote, na tukae mbele.