Lenzi Isiyovuliwa Usiku

Nawaona humu ukumbini wazee wangu wachache waliokuja na kadi zao za kliniki mfukoni. Kliniki ni kesho saa mbili asubuhi. Leo ni maneno tu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari, operesheni ya mtoto wa jicho ni salama?" Muulizaji hutaka jibu la neno moja, nami sina. Upasuaji huu umewarudishia watu wengi zaidi uwezo wa kuona kuliko tiba nyingine yoyote ya macho. Hata hivyo wapo wanaotoka na jicho lisilowafaa, na sehemu kubwa ya hao hawakuharibiwa na kisu. Walikosewa kabla ya kisu, katika kupima, au baada ya kisu, kwa kuachwa waende zao. Hapo ndipo ningependa tukae jioni hii.

Nyuma ya mboni kuna lenzi ndogo, upana wake milimita 9 au 10 hivi, iliyofungwa ndani ya kifuko chembamba. Ujanani huwa angavu. Miaka inavyokwenda protini zake hushikana na nuru ikazuiwa njiani; huo ndio mtoto wa jicho. Umri ndio sababu kubwa. Kisukari, dawa za steroidi zinazotumiwa kwa muda mrefu na pigo la jicho huharakisha mambo. Hakuna tone wala kidonge kinachoirudisha lenzi katika uangavu wake. Anayekuuzia dawa ya kuyeyusha mtoto wa jicho anakuuzia maji, na ukikosa bahati anakuuzia kidonda cha konea, kioo cha mbele ya jicho.

Lipo pia lile la kungoja "iive". Lilikuwa na maana zamani, mbinu zilipokuwa nyingine. Leo kungoja ni hasara, maana lenzi huzidi kuwa ngumu na kazi ya kuitoa huzidi kuwa nzito. Pengine huvimba au huvuja, presha ya jicho ikapanda, na mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya ukungu akajikuta na maumivu makali na mshipa wa fahamu unaokufa. Wakati wa kupasuliwa ni pale ukungu unapokuzuia kufanya shughuli zako: kushona, kuendesha gari, kusoma msahafu au Biblia, kutambua noti.

Vijana waliomo humu hawakuiona enzi ya upasuaji bila lenzi. Katika hospitali nyingi za Afrika, hadi miaka ya 1990, lenzi iliyoharibika ilitolewa pamoja na kifuko chake na hakuna kilichowekwa mahali pake. Mgonjwa alipewa miwani ya nguvu ya dayopta 10 hivi, minene kama kitako cha chupa. Miwani hiyo hukuza kila kitu kwa karibu robo, hupinda kingo za milango, na pembeni huacha duara la giza ambalo watu huchomoza kutoka humo ghafla. Aliyepasuliwa jicho moja tu hakuweza kuyatumia macho mawili pamoja, kwa kuwa kila jicho lilileta picha ya ukubwa wake. Miwani ikianguka na kupasuka, mtu alirudi kuwa kipofu siku ileile, hata kama upasuaji wake haukuwa na dosari yoyote.

Aliyeibadilisha hali hiyo ni Harold Ridley wa London. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwaona marubani wa kivita wa Uingereza walioingiwa machoni na vipande vya Perspex, plastiki iliyofunika chumba cha rubani. Mmoja wao alikuwa Gordon Cleaver, aliyejeruhiwa Agosti 1940. Vipande vile vilikaa ndani ya jicho kimya, bila uvimbe uliotarajiwa. Baadaye mwanafunzi aliyekuwa akitazama upasuaji wa mtoto wa jicho akamuuliza Ridley mbona harudishi lenzi nyingine. Wahadhiri wenzangu, maswali ya namna hiyo ndiyo tunayoyapuuza darasani. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas', Ridley alianza jaribio la lenzi ya Perspex kwa mwanamke wa miaka 45, na tarehe 8 Februari 1950 akamwekea lenzi ya kudumu.

Sasa sikilizeni matokeo. Lenzi ilikaa na jicho liliipokea. Lakini mgonjwa alitoka na upungufu wa kuona mbali wa zaidi ya dayopta 10. Ridley alikuwa ameiga umbo la lenzi ya asili, na Perspex hupinda nuru zaidi ya lenzi ya asili. Ufundi wa mkono ulifaulu, hesabu ikakosea. Faida ya kwanza ya lenzi bandia na hatari yake ya kwanza zilikaa katika jicho moja la mtu mmoja. Wakubwa wa fani walimpinga Ridley kwa miaka mingi. Naye aliishi hadi akawekewa lenzi za aina hiyo katika macho yake mwenyewe, na mwaka 2000 akapewa cheo cha Sir.

Nimeisimulia habari hiyo kwa sababu kosa la hesabu bado tunalo. Nguvu ya lenzi hutafutwa kwa vipimo viwili: urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, na mviringo wa konea. Kanuni ya mwaka 1980, ambayo wanafunzi wangu huanza nayo kabla ya kuhamia kanuni mpya, husema: chukua namba ya lenzi yenyewe, tuseme 118, toa urefu wa jicho mara 2.5, toa nguvu ya konea mara 0.9. Jicho la milimita 23.5 lenye konea ya dayopta 44 litataka lenzi ya karibu 19.5. Sasa mpimaji, kwa haraka ya foleni, akakandamiza konea kidogo kwa ncha ya mashine ya mawimbi ya sauti. Jicho likaonekana fupi kwa theluthi moja ya milimita. Theluthi hiyo tu ni kosa la karibu dayopta nzima. Mgonjwa atapasuliwa vizuri, atafunguliwa bandeji, atashangilia nuru, kisha wiki ya pili ataanza kulalamika kwamba hawatambui watu wa ng'ambo ya barabara. Na kama kituo hakipimi kabisa, kila anayekuja akawekewa lenzi ya nguvu moja, basi mwenye jicho refu au fupi kuliko kawaida ndiye atakayelipa.

Kuhusu mbinu zenyewe sitakawia. Iko ya mashine, aliyoianzisha Charles Kelman wa New York mwaka 1967, ambayo huivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia tundu la milimita 3 au pungufu, kisha lenzi laini iliyokunjwa huingizwa na kukunjuka ndani. Na iko ya mkono, yenye mkato wa milimita 6 hadi 7 kwenye weupe wa jicho, unaojifunga bila nyuzi. Matangazo ya hospitali za mijini hukufanya uamini kwamba ya pili ni ya maskini. Mwaka 2007 Sanduk Ruit na wenzake walitoa matokeo ya kuzilinganisha Nepal kwa wagonjwa 108: baada ya miezi sita, katika kila kundi asilimia 98 walikuwa wanaona 6/18 au zaidi kwenye ubao wa herufi, kwa miwani inayofaa. Ya mkono ilichukua dakika 9 hivi, ya mashine zaidi ya 15, na gharama ya mkono ilikuwa chini sana. Mimi hufanya zote mbili. Kwa lenzi ngumu iliyokwisha kuwa kahawia, nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua mkono.

Lenzi nazo zimeshuka bei. Kiwanda cha Aurolab, kilichoanzishwa mwaka 1992 kando ya hospitali za Aravind kusini mwa India, kilizishusha hadi karibu dola 10, wakati zilizotoka Magharibi ziliuzwa kwa zaidi ya 100. Mzee anayeombwa fedha nyingi kwa sababu ya "lenzi maalumu" ana haki ya kuuliza umaalumu wake ni upi. Zipo lenzi za kuonea karibu na mbali kwa pamoja. Baadhi ya wanaowekewa huona pete za mwanga kuzunguka taa usiku, na dereva wa basi la masafa marefu asingependa kuligundua hilo akiwa njiani.

Na faida? Kuona tena ni sehemu tu. Watafiti waliwafuatilia watu wa Nakuru, Kenya, wenye miaka 50 na zaidi, kabla ya upasuaji na mwaka mmoja baadaye. Kabla, kaya zao zilikuwa maskini kuliko za jirani wasio na tatizo la macho. Baada ya mwaka, matumizi ya kaya yalipanda hadi kukaribiana na ya jirani, na wazee walirudi kufanya kazi za nyumbani na za kuingiza kipato. Mtoto wa shule anayemshika bibi mkono kila mahali naye hupata nafasi yake.

Hatari sasa, bila kuficha. Inayonikosesha usingizi ni maambukizi ndani ya jicho. Ni nadra, kesi chache katika kila 1,000, lakini jicho linaweza kufa ndani ya siku mbili. Kusafisha kwa iodini kabla ya mkato ni lazima. Utafiti wa Ulaya wenye wagonjwa zaidi ya 16,000, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba sindano ya antibiotiki ya sefuroksimu ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji hupunguza maambukizi hayo kwa takriban mara tano. Dalili ni maumivu yanayoongezeka, wekundu na kuona kunakoshuka katika wiki ya kwanza. Mgonjwa mwenye dalili hizo asingoje tarehe ya kliniki. Aje usiku, aje Jumapili.

Kifuko cha nyuma nacho, ambacho unene wake katikati ni kama mikroni 4, kinaweza kupasuka wakati wa kazi. Kwa mpasuaji mzoefu ni mmoja au wawili katika 100, kwa anayejifunza ni zaidi, na mgonjwa anastahili kujua nani anashika kisu. Wanaume wanaotumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume waseme mapema, hata kama wameacha; dawa hiyo huifanya mboni ilegee na kusinyaa katikati ya upasuaji. Wenye kisukari retina yao ikaguliwe kwanza. Wenye presha ya jicho iliyokwisha kuua mshipa waambiwe ukweli kwamba lenzi mpya haifufui mshipa. Miezi au miaka baadaye kifuko kinaweza kufifia, na watu husema mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi, ni utando unaofunguliwa kwa leza kwa dakika chache. Lakini anayeona cheche za mwanga na pazia jeusi likishuka pembeni awahi, kwani huenda retina inabanduka.

Wazazi, mkiona weupe ndani ya mboni ya kichanga msikubali kuambiwa mngoje akue. Ubongo wake unajifunza kuona sasa, na miaka iliyopotea hairudishwi na lenzi yoyote.

Wenzangu madaktari na wauguzi, nina ombi kwenu. Kila kasha la lenzi huja na vibandiko vyenye nguvu ya lenzi, aina yake na namba yake. Kimoja huenda kwenye faili la hospitali. Kingine kibandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, na chini yake yaandikwe mambo mawili kwa mkono: alikuwa anaona kiasi gani kabla, na anaona kiasi gani wiki ya nne au ya sita baada ya kupimwa miwani. Kituo kisichoweza kuijaza nafasi hiyo ya pili hakijui kama kinaponya watu au kinawapasua tu. Nanyi wazee wangu, kesho mkija kliniki, kidaini kibandiko hicho, ni chenu.