Kura ya Basel na Uwanda wa Uasin Gishu

Msikilizaji, kila moto unapowaka Gaza utamsikia mtu akisema, "Wayahudi wanataka hivi." Wayahudi gani? Kuhusu Uzayuni, yaani fikra ya Wayahudi kuwa na taifa lao, hawajawahi kuwa na kauli moja, na miongoni mwa waliotangulia kuupinga walikuwamo marabi.

Mwaka 1897 Theodor Herzl, kiongozi wa harakati hiyo, alitaka mkutano mkuu wa kwanza wa Wazayuni ufanyike Munich. Viongozi wa Wayahudi wa mji huo wakamkatalia, marabi wa Ujerumani nao wakapinga hadharani: sisi ni Wajerumani, usitutie mashakani na serikali yetu. Akahamia Basel, Uswisi. Mwaka huohuo, huko Vilna, wafanyakazi wa Kiyahudi wakaunda chama chao cha kisoshalisti, Bund, kilichoshikilia kwamba Myahudi adai haki yake palepale anapoishi.

Lakini kisa kinachotugusa sisi ni cha 1903. Uingereza ilimpa Herzl ahadi ya ardhi Afrika Mashariki. Wakauita mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Wanandi, kama kawaida ya enzi hizo, hawakuulizwa.

Suala likafika mkutano wa sita, Basel. Kura 295 zikakubali tume iende kuikagua ardhi hiyo, 178 zikakataa. Wajumbe wengi wa Urusi wakatoka ukumbini. Wengine wakaketi sakafuni wakilia, kama watu waliofiwa. Na waliokataa ni pamoja na wajumbe wa Kishinev, mji ambao Wayahudi wake walikuwa wamechinjwa mwezi Aprili tu! Waliokuwa na haja kubwa kuliko wote ya pa kukimbilia ndio waliosema: Palestina, au basi. Mwezi Desemba, mjini Paris, kijana mmoja akamfyatulia risasi Max Nordau, swahiba wa Herzl, akimlaani kuwa ni Mwafrika Mashariki. Risasi ikamkosa. Mwaka 1905 mkutano wa saba ukauzika mpango, naye mwandishi Israel Zangwill akajitoa, akaunda jumuiya yake ya kutafuta ardhi popote itakapopatikana.

Upinzani wa kidini nao haujaisha: leo wafuasi wa madhehebu ya Kiyahudi ya Satmar, huko Brooklyn, bado wanasema taifa kabla ya kuja Masihi ni uasi kwa Mungu.

Na tukirudi nyuma, serikalini London, 1917, aliyelipinga kwa ukali Azimio la Balfour, tamko la Uingereza la kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina, alikuwa Myahudi, Edwin Montagu, waziri wa masuala ya India. Hoja yake: ukishatangaza kwamba kwao Myahudi ni Palestina, umempa kisingizio kila anayetaka kumfukuza kwingineko. Hakulizuia azimio, ila likaingizwa sharti kwamba haki na hadhi ya Wayahudi katika nchi nyingine zisiguswe. Mawaziri walipolipitisha, tarehe 31 Oktoba, yeye alikuwa safarini kwenda India.