Nanasi Haliivi Kapuni

Leo nasema nanyi mnaolima matunda Mkange, Miono, Kiwangwa na vijiji vyote vya upande huu wa Bagamoyo, na neno langu ni moja: nanasi likatwe lini.

Huenda mtu akacheka akasema, “Hilo hata mtoto alijua.” Lakini utazameni mzigo wa lori liendalo Dar es Salaam wakati wa msimu. Mara nyingi mtaona mananasi ya kijani kitupu yamepangwa mpaka juu. Ukimwuliza mwenye mali, atakujibu kwamba yataiva njiani. Hayataiva.

Matunda ni ya namna mbili. Embe na ndizi hujiwekea akiba ya wanga ndani yake. Embe lililokomaa likichumwa gumu, wanga ule hugeuka sukari. Ndiyo maana bibi zetu waliyavundika maembe, nayo yakatoka matamu. Nanasi halina akiba hiyo. Sukari yake huletwa na majani ya mmea siku kwa siku, tena nyingi huja katika majuma ya mwisho. Kikonyo kikisha katwa, mlango umefungwa. Tunda laweza kulainika, kugeuka rangi, hata kuchacha, lakini utamu hauzidi. Chungwa nalo ni vivyo hivyo, na watu wa Muheza wanalijua jambo hili vizuri.

Mmea huu haukuanza kwetu. Columbus aliuona katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, kisha Wareno wakaueneza. Hata jina lake tumelipata Amerika ya Kusini kwa vinywa vya Wareno. Lakini umeipenda nchi yetu, maana wataka jua na udongo wa kichanga usiotuamisha maji.

Basi dalili za kuiva ni zipi? Tazama macho ya nanasi. Likiwa changa macho huchongoka. Likikomaa hujaa na kuwa bapa. Rangi ya manjano huanza chini, penye kikonyo, ikapanda juu. Kwa soko la karibu ngoja mpaka robo au nusu ya tunda iwe ya manjano; kwa safari ya mbali kata mara rangi inapoanza chini. Wakati wa joto kali ganda laweza kubaki na ukijani hali ndani pameiva, kwa hiyo pasua moja uonje kabla ya kukata shamba zima. Hasara ya nanasi moja si kitu.

Sasa kuna habari ya dawa. Katika karne ya 19 wakulima wa visiwa vya Azores waligundua kwamba moshi huufanya mnanasi uchanue. Siku hizi watu hutumia dawa iitwayo ethefoni kwa kazi hiyo, na kazi hiyo ni njema. Tangu kutia dawa mpaka kuvuna hupita kama miezi 6 au 7. Basi mwenye mimea iliyokomaa akiitia dawa mwezi wa Desemba, atavuna Juni au Julai, wakati soko halijajaa. Lakini wako wanaoinyunyizia dawa ile ile juu ya tunda changa ili ganda ligeuke manjano upesi. Rangi hupatikana, sukari haipatikani. Mnunuzi wa mjini hudanganyika mara moja, na mara ya pili huuliza nanasi limetoka wapi. Hapo hulipa jina la kijiji kizima, pamoja na yule aliyengoja.

Najua sababu ya haraka. Mwezi wa Januari ada na sare za shule hudaiwa, na mchuuzi amesimama shambani na fedha mkononi. Mwenye shida hauzi kwa saa aipendayo. Kwa hiyo dawa ya haraka hii si mahubiri, ni kupanda kwa mafungu: fungu moja sasa, jingine baada ya miezi minne, ili fedha isije yote kwa siku moja. Tena wakulima wakiwa pamoja katika chama cha ushirika, wakachagua mananasi kwa ukubwa na kuiva, mchuuzi atawafuata kwa bei yao. Mtu mmoja mmoja hana nguvu hiyo. Wenye viwanda vya maji ya matunda nao wana kioo kidogo cha kupimia sukari, wala hawadanganyiki kwa ganda.

Mwisho, kata kwa kisu kikali, acha kipande kifupi cha kikonyo, usilitupe tunda chini, ukaliweke kivulini. Na machipukizi yanayobaki shinani msiyang’oe yote. Acheni moja lenye nguvu, maana ndilo litakalozaa mavuno ya pili.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya nzi wa maembe. Kwaherini.