Karibu ya Kweli: Sisi Wenye Usonji na Lugha ya Wenzetu



1. Utangulizi

Semina nyingi nilizohudhuria zilifundisha jinsi ya kutuelewa sisi. Leo nimeombwa nigeuze kibao: sisi tuwaeleweje wasio na usonji? Nitawaita "wenzetu", maana tukiwaita "watu wa kawaida" tutakuwa tumekubali kwamba sisi ni vioja. Hoja yangu ni moja: wenzetu hawatudanganyi wala hawatutegi. Ni kwamba gunia la maneno yao mara nyingi lina kitu kingine, si kile kilichoandikwa juu yake.

2. Samaki wa jirani

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilipita uani kwa jirani yetu saa saba mchana. Ndiyo kwanza alikuwa anamega tonge. "Karibu chakula, mwanangu," akasema. Nikanawa, nikaketi mkekani, nikala. Samaki alikuwa mmoja, changu wa kukaanga. Nilimaliza ubavu wa juu, kisha nikamgeuza. Jirani akanisogezea na bakuli la mchuzi.

Jioni mama aliniambia, "Karibu ya kwanza ni salamu. Mtu akikukazania mara ya tatu, hapo ndipo umealikwa." Nilikasirika. Kwa nini jirani aseme asichomaanisha? Ilinichukua miaka kutambua kwamba alimaanisha, ila hakuwa anazungumzia samaki. Alikuwa anasema: nimekuona, na ukiwa na njaa hutapita hapa kwangu. Ndiyo maana nilipoketi hakuniondolea sahani.

3. Akufukuzaye hakwambii toka

Wengi wenu mnaisikia methali hii kama hekima ya wazee. Mimi naitumia kama dereva anavyotumia alama za barabarani. Siku moja, nyumbani kwa rafiki, nilikuwa naeleza ujenzi wa reli ya TAZARA, nimefika kwenye mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako. Mwenyeji akasema, "Kesho naamka alfajiri." Nikamjibu kwamba ni vizuri, nikaendelea na mahandaki. Baadaye akasema, "Naona mvua inanyemelea." Nikatazama nje, nikamhakikishia kuwa hainyeshi.

Nina daftari la maneno kama hayo. "Nitajitahidi kufika" maana yake hafiki. "Habari za nyumbani?" haihitaji taarifa ya bomba linalovuja. Inayonipumzisha ni "Shikamoo": jibu lake ni moja, na hakuna anayekudai zaidi. Kurasa zilipojaa niliona jambo moja likijirudia. Wenzetu, wakilazimika kuchagua kati ya usahihi na kutomuumiza mtu, huchagua la pili. Nilichokuwa nakiita unafiki, kwao ni adabu.

4. Reli mbili

Nirudi kwenye reli, mnivumilie. Reli ya zamani ya kati ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Tofauti ni milimita 67, haifiki kiganja cha mtu mzima, lakini behewa la huku haliendi kule. Hakuna fundi anayesema reli mojawapo ni mgonjwa. Zinapokutana, Kidatu, kuna kituo cha kuhamishia mizigo.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi tunashindwa kuwasoma wao, nao wanashindwa kutusoma sisi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walichapisha utafiti uliopitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu, minyororo ya watu wanane wanane. Wenye usonji peke yao waliifikisha vizuri sawa na wasio na usonji peke yao. Ilipotea zaidi pale makundi mawili yalipochanganywa. Kasoro, basi, haikuwa ya kundi lolote. Kilichokosekana ni Kidatu.

5. Kukubali si kuigiza

Kuwakubali wenzetu hakunidai nijifanye mmoja wao. Nilishajaribu: kukaza macho usoni mwa mtu, kucheka wanapocheka. Jioni nilikuwa nalala na kitambaa kichwani, sitaki taa wala sauti. Siku hizi namwachia kila mtu lugha yake bila kuikosoa, nami naomba yangu bila kuona haya: "Sijakusoma vizuri. Niage, au nibaki?" Bado sijapata aliyekasirika. Wengi hushusha pumzi.

6. Mapendekezo

(a) Walimu na wazazi wamfundishe mtoto mwenye usonji kazi ya maneno, si maana yake tu. "Usikae" ni amri. "Karibu ya kwanza ni salamu" ni elimu.

(b) Sisi tuulize kabla ya kuhukumu kwamba tumedanganywa.

(c) Wenzetu wakiulizwa, wajibu kwa neno lililonyooka. Kwetu hilo si ukali.

7. Hitimisho

Jirani yule bado yupo. Nikipita mchana husema, "Karibu chakula," nami hujibu, "Ahsante mama, nimeshakula," hata kama njaa inaniuma. Lakini ziko siku anapopika kingi. Siku hizo huongeza neno moja, alilolibuni mwenyewe kwa ajili yangu: "Leo ni karibu ya kweli." Basi navua viatu, naketi.