Muulize Muuzaji: Mama Yake Yuko Wapi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Kitomanga)



Kamati iliponiomba niseme neno, nadhani ilitazamia kwamba nitazungumzia mbuzi au korosho, kwa kuwa nimefanya kazi ya mifugo mpaka nikastaafu. Nimeamua kuzungumzia mbwa. Naona wapo wanaocheka. Lakini mwenye shamba la mahindi kando ya pori hacheki, kwani anajua usiku mmoja wa nguruwe pori unavyoweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Na sisi tulio Waislamu tunajua kwamba kumweka mbwa wa kulinda shamba, wa kuchunga mifugo au wa kuwinda kumeruhusiwa. Kumtesa ndiko kulikokatazwa. Kila aliyekaa madrasa anakijua kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Sina mengi. Nataka kusema juu ya namna tunavyowapata mbwa hao, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za familia. Kwenye taa za barabarani nikamwona kijana ameshika watoto wawili wa mbwa, wengine wamo ndani ya boksi, juani. Mmoja alikuwa amelegea shingo. Nikamwonea huruma. Kijana akaniambia ni mbwa wa Kizungu, ana miezi miwili, amechanjwa, na cheti kipo. Cheti chenyewe kilikuwa karatasi yenye muhuri usiosomeka. Nikatoa shilingi 150,000. Ndugu zangu, mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wananchi wasiuziwe mbuzi kwenye gunia! Nilipomfungua kinywa ndani ya basi nikaona meno ya nyuma hayajatoka sawasawa. Hakuwa na miezi miwili. Labda alikuwa na wiki tano. Alikuwa bado wa kunyonya.

Nilifika naye nyumbani usiku. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka sita, akamwita Simba. Siku ya pili Simba alikataa chakula. Siku ya tatu akatapika na kuharisha damu. Siku ya tano akafa. Dalili zilikuwa za ugonjwa wa parvo, ambao huua sana watoto wa mbwa wasiochanjwa, na virusi vyake hukaa katika udongo kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Kwa hiyo kiwanja changu nacho kikawa kimeharibika.

Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Mjukuu alikuwa akimpa mbwa kidole akitafune, na kidole kilikuwa na michubuko. Tukakiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, tukampeleka hospitali. Daktari akaniuliza swali moja: “Mzee, mama wa mbwa huyo alichanjwa kichaa cha mbwa?” Sikuwa na jibu. Sikumjua mama yake, wala alikozaliwa, wala waliokaa naye katika boksi lile. Na kichaa cha mbwa hakibahatishwi, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mtoto akaanza sindano, tukarudi kwa kila sindano iliyopangwa mpaka zikaisha. Namshukuru Mungu, yu mzima na anasoma. Lakini usiku ule wa kwanza nilikaa kitandani kwake nikimsikiliza anavyopumua, nikajua kwamba huruma yangu ya barabarani ilikuwa imekaribia kumgharimu.

Wiki chache baadaye nilipita tena pale kwenye taa. Kijana yule yupo, boksi jipya, watoto wengine sita. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokinunua. Nilidhani nimemwokoa mmoja. Kumbe nilikuwa nimelipia uzao unaofuata. Nyuma ya kila boksi kuna mbwa jike ambaye mnunuzi hamwoni. Huchukua mimba kwa siku 63 hivi, huzaa, hunyang'anywa watoto kabla hawajaacha ziwa, kisha hupandishwa tena joto linapokuja, mpaka achakae.

Wenzetu wa ng'ambo wamekutana na jambo hili kwa ukubwa zaidi, hata wakayaita mashamba hayo viwanda vya watoto wa mbwa. Mwaka 2013 huko Wales aliokolewa jike mmoja aliyeitwa Lucy. Nyonga zake zilikuwa zimekakamaa na mgongo umepinda kwa miaka ya kufungiwa na kuzalishwa. Alikufa mwaka 2016, lakini watu hawakunyamaza. Kuanzia Aprili 2020, Uingereza ikapiga marufuku wachuuzi wa kati kuuza watoto wa mbwa na wa paka walio chini ya miezi sita. Anayeuza sharti awe ndiye aliyemzalisha, na mnunuzi amwone mtoto akiwa na mama yake, pale alipozaliwa. Sheria hiyo yaitwa Sheria ya Lucy. Ukiitazama vizuri, imejengwa juu ya swali lile lile nililoulizwa na daktari.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayotaka mnyama asiachwe na njaa, kiu, maumivu wala hofu. Lakini sheria haiwezi kusimama kwenye kila taa ya barabarani. Mnunuzi ndiye anayesimama pale, na fedha iko mfukoni mwake.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Dar es Salaam, sisi wa kusini hayatuhusu. Yanatuhusu. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mpango mkubwa wa kuchanja mbwa ulioanza mwaka 2010, pamoja na Pwani, Morogoro, Dar es Salaam na kisiwa cha Pemba. Pemba ilifanikiwa: kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekomeshwa. Mwaka 2016 kikarudi. Wataalamu walipochunguza vinasaba vya virusi wakaona kwamba ugonjwa uliingia kutoka nje ya kisiwa, tena si mara moja tu. Ikabidi kuchanja upya, na ukakomeshwa tena mwaka 2018. Sasa niambieni, mbwa huogelea mpaka Pemba? Husafiri kwa chombo, na chombo kina nahodha. Hali kadhalika, mbwa wangu hakutembea kwa miguu mpaka Kitomanga. Nilimpakata mimi, ndani ya basi lililojaa watu.

Basi tufanyeje? Tunapokwenda kununua samaki hatumwamini mchuuzi mpaka tumefunua mashavu. Tunapotaka mche wa mkorosho tunauliza umetoka kwenye mti gani, na wengi wetu tumefuata miche bora ya Naliendele. Kwa mbwa tufanye hivyo hivyo.

Kwanza, jiulize kama una haja naye. Mbwa huishi miaka kumi na zaidi, na kila siku anahitaji chakula, maji na kivuli. Kama humwezi, mwache.

Pili, nenda alikozaliwa, umwone mama yake. Ukiambiwa mama yuko safarini, au mkutane njiani, rudi nyumbani na fedha yako.

Tatu, usimchukue kabla hajatimiza wiki nane.

Nne, cheti cha chanjo kiwe na tarehe, jina na sahihi ya mtaalamu unayeweza kumtafuta ukamuuliza.

Tano, usiwadharau mbwa wetu wa kienyeji. Wamezaliwa katika joto hili, na shambani wanajua kazi. Jirani akizaliwa watoto wanne asiojua awapeleke wapi, huyo ndiye muuzaji wako bora, maana mama yake unamwona kila siku.

Ninyi vijana, nina neno lenu peke yenu. Najua wapo kati yenu wenye mbwa jike nyumbani na wamekwisha piga hesabu ya kuuza watoto wake. Sikulaumu unayetafuta ada na madaftari kwa njia ya halali. Lakini jike akizaa, mpumzishe. Na mbwa wakichanjwa kijijini, wapelekeni na watoto wao wadogo. Watu wengi huwaacha nyumbani wakidhani hawajafika umri, na hao ndio wanaotafuna vidole vya wadogo zenu.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Naomba chama chetu cha wanafunzi wa zamani kiichukue siku hiyo kuwa yake: tuchange, tushirikiane na afisa mifugo wa kata, na wanafunzi wawaandikishe mbwa wa vijiji vya jirani kabla ya siku yenyewe. Mimi naanza kwa kutoa shilingi 150,000, kiasi kile kile nilichompa yule kijana. Safari hii najua zinakwenda wapi.